Mistari Saba ya Mkwe Wangu

Chumba changu kina dirisha linalotazama barabara. Nalitaja mapema ili usije ukadhani nilifanya niliyofanya kwa roho mbaya tu. Roho mbaya ilikuwepo, siikatai, lakini na dirisha lilikuwepo. Nikilala ubavu wa kushoto naona duka la dawa, naona kituo cha pikipiki, naona nani anaingia kwa nani na anatoka akiwa anafunga kifungo kipi. Mtu wa umri wangu akinyang'anywa dirisha anabakiwa na nini? Dari.

Nyumba ni ya mwanangu. Yeye ni fundi wa majokofu. Ina vyumba vitatu vya kulala. Kimoja changu. Cha pili chao, yeye na mkewe, nacho kina pazia badala ya mlango, kwa sababu mlango ulikwenda kuwa meza ya kazi karakana. Cha tatu kiko nyuma, na humo anaweka majokofu yaliyomshinda. Yamesimama mle milango wazi, kama wagonjwa walioambiwa watoe ulimi. Hakuna dirisha. Kuna harufu ya gesi na mpira mkuukuu.

Siku moja tunakula, mwanangu akasema, "Mama, kule nyuma kumetulia." Hakuniangalia mimi, aliangalia mchuzi.

"Hata makaburini kumetulia," nikamwambia.

"Tungeyatoa majokofu yote. Nipake rangi."

"Ukipaka rangi giza linakuwa la rangi gani?"

Mkwe wangu akainamisha uso kwenye sahani. Kama alikuwa anacheka au anaumia, sikujua, na sikuuliza.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Mkwe wangu alikuwa anatafuta kazi kwenye kampuni fulani inayotengeneza kurasa za mtandaoni kwa ajili ya maduka ya nchi za mbali. Wafanyakazi wake wanafanya kazi majumbani kwao na kuongea na wateja kwa video. Walitaka vitu viwili. Kwanza, mtu awe anaijua hiyo kazi pamoja na Kiingereza cha kuongea kila siku, si kile cha kwenye barua. Pili, awe na chumba chenye mlango unaofungika na mwanga wa kutosha, na nyuma yake kusisikike mtu anakohoa. Nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja cha namna hiyo na kikohozi kimoja, na vyote viwili vilikuwa vyangu.

"Mpaka nife kwanza," nikasema siku ile mezani. Nikaomba chumvi.

Aliyemfundisha kazi hiyo tulimwita Mwalimu Tai, kwa sababu ya tai aliyoivaa kila siku, ileile, yenye doa la chai mahali pa kifungo cha tatu. Alikuja Jumanne na Alhamisi baada ya chakula cha mchana, akafundisha pale sebuleni kwetu. Wanafunzi walikuwa wawili, mkwe wangu na msusi wa nyumba ya tatu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha watoto. Mimi nilikaa kwenye kona na sinia la maharage. Mzee mwenye sinia la maharage watu humwona kama kabati. Wanasema mbele yake lolote.

Siku ya kwanza niliposikia watafundishwa kodi nilidhani ni ya nyumba, nikasema afadhali. Kumbe ni yale maandishi ambayo kompyuta inayasoma ndipo ikuonyeshe picha na rangi na vitufe.

"Ukurasa ni kama gauni," Mwalimu Tai alisema. "Watu wanaona nje. Fundi anageuza ndani, anaona mishono. Kodi ndiyo mishono."

Tena alikuwa na njia yake ya kufundisha, sijui aliitoa wapi. Alifundisha vitu viwili kwa mkupuo mmoja. Ndani ya kodi, alisema, kuna mahali unaruhusiwa kujiandikia maneno yako mwenyewe, unayafunga kwa alama zake, na kompyuta inayaruka. Yanaitwa komenti. Sasa kila mstari wa kodi watakaouandika, juu yake waweke komenti, na ndani ya komenti watie msemo mmoja wa Kiingereza, wautumie kumsema mtu wanayemjua kweli.

"Msemo usio na mtu haukai kichwani," alisema. "Mtie mtu unayempenda, au unayemchukia. Unayemchukia anakaa zaidi."

"Akija kuusoma?" msusi akauliza.

"Hausomeki. Anayefungua ukurasa anaona gauni tu."

"Basi mwenye nyumba wangu leo ataandikwa mpaka kidole kiote sugu."

Wakacheka. Mkwe wangu naye akacheka, halafu akanitupia jicho kidogo. Mimi nikatoa kijiwe kwenye maharage nikakiweka pembeni.

Miezi minane ilienda hivyo. Mimi darasa la saba nilimaliza, na Kiingereza cha shuleni kwetu kilikuwa ni kalamu iko juu ya meza, basi. Lakini nilipata Kiingereza cha masikio. "Never mind", usijali. "Take it easy", punguza presha. "No hard feelings", tusiwekeane kinyongo. Niliyasikia mara hamsini hamsini, kwa sababu msusi alikuwa mzito. Na kuna huu, ambao Mwalimu Tai aliuandika ubaoni akaupigia mstari: "We will be in touch."

"Maana yake tutawasiliana," alisema. "Mkiambiwa hivyo kwenye usaili, fungeni kompyuta mwende mkapike. Hawatawasiliana."

Mkwe wangu hakuwa wa kuelea juujuu, alizama kabisa kwenye masomo. Alibandika makaratasi ya misemo ukutani juu ya jiko mpaka siku moja karatasi likashika moto, akaunguza vidole viwili. Alikuwa anafua huku anaziambia soksi za mwanangu "nice to meet you", nafurahi kukufahamu. Mtoto hawana. Kulikuwa na mwaka mmoja wa kutumaini, ukapita, na tangu hapo hakupata kitu cha kung'ang'ania mpaka ilipokuja hii kompyuta. Nasema haya ili uelewe kwamba nilijua. Sikufanya gizani.

Usaili wa kwanza alipita. Aliyemsaili alikuwa bosi mmoja mwanamke, mwenye miwani mikubwa, tulimwona kwenye kioo cha kompyuta. Wa pili ungekuwa Jumatano. Kabla yake, mkwe wangu alitakiwa kutuma ukurasa alioutengeneza mwenyewe kuanzia mshono wa kwanza. Alitengeneza wa kazi ya mumewe. Jokofu la bluu linafunguka mlango ukiligusa, na ndani mnatokea bei na namba ya simu. Hata mimi nililigusa mara mbili tatu wakati hakuna mtu.

Mwanangu alikwisha ahidi kuyatoa majokofu Alhamisi, kazi ikipatikana.

Jumanne, siku moja kabla ya usaili, darasa lilikuwa la mwisho. Msusi hakuja, alikuwa na kichwa cha bibi harusi. Goti langu liliuma. Liliuma kweli, hilo naapa, ya baadaye ndiyo siapi. Nikamwambia mkwe wangu, "Mwanangu, nichemshie maji nilikande," naye akaacha kompyuta akaenda jikoni. Mwalimu Tai alikuwa anakunja waya zake, ana darasa jingine ng'ambo ya soko.

"Mama," akaniambia, "nina haraka. Umwambie asisahau kufuta komenti zote kabla ya kutuma."

"Si ulisema hazisomeki?"

"Mtu wa kawaida hazisomi. Ila msaili ni fundi. Kitu cha kwanza atageuza gauni ndani." Akabonyeza upande wa kulia wa mausi, akachagua neno la kuhariri, na pale lilipokuwa jokofu la bluu yakatokea maandishi matupu kama mvua. "Unaona? Hizi za rangi ya majani ndizo komenti. Utamkumbusha?"

"Nitamkumbusha, mwanangu. Hebu nionyeshe tena ulivyobonyeza."

Akanionyesha tena, maana aliniheshimu, kisha akatoka mbio, tai begani.

Mkwe wangu akaja na beseni la maji. "Mwalimu amekwenda? Ameacha neno?"

"Amesema ulale mapema," nikamwambia.

Akanikanda goti, dakika kumi nzima, kwa vile vidole vilivyoungua. Kisha akachukua kapu akaenda sokoni.

Nilikuwa na kamusi ya marehemu mume wangu. Haina herufi A yote na nusu ya B, kwa sababu karatasi zake zilikuwa laini na yeye alikuwa mvuta tumbaku. Nikaiweka kwenye mapaja, nikavaa miwani, nikabonyeza kulia. Mvua ikashuka. Nikazitafuta zile za rangi ya majani.

Zilikuwa tisa. Neno la mama mkwe kwa Kiingereza ni refu, lina vistari viwili katikati, ukishaliona mara moja unalijua hata kwa mbali, kama mtu anayechechemea. Lilikuwa kwenye mistari saba.

Wa kwanza: "Make yourself at home." Jisikie nyumbani. Halafu mkwe wangu ameongeza ya kwake: mama mkwe wangu amejisikia nyumbani mpaka sisi tumekosa pa kukaa.

Wa pili ulihusu kikohozi, kwamba kinafuata saa, kinaanza nikianza kusoma.

Wa tatu: punguza presha, amepunguza tangu nilipoolewa, hata kijiko hajaosha. Huo ni uongo, vijiko niliosha.

Wa nne: "She is all ears." Yeye ni masikio matupu, hasa akiwa na sinia la maharage. Hapo nikaweka kamusi chini nikapumua. Miezi minane najiona kabati, kumbe kabati limeandikwa.

Wa tano ulisema ninamtia wazimu, na neno la wazimu lilirudiwa mara tatu, nadhani kwa mazoezi.

Wa sita: "Over my dead body." Mpaka nife kwanza. Chini yake: hivyo ndivyo alivyosema mama mkwe wangu kuhusu chumba. Mimi naweza kusubiri.

Niliusoma mara nne. Ulikuwa mzuri, nikaona wivu. Ningekuwa mimi ningeandika hivyohivyo.

Wa saba ulikuwa mrefu kuliko yote, ulienda mpaka mwisho wa kioo. Neno lake la kwanza lilianza na A, na la pili pia. Kamusi ilikuwa imevutwa, sokoni si mbali, nikauacha. Niliona vistari viwili vya jina langu humo ndani, ikanitosha.

Iliyobaki miwili haikunitaja. Ilimtaja mwanamke wa miwani, yaani bosi. Mmoja ulisema anazunguka mbuyu, dakika ishirini hajafika. Mwingine ulisema, kazi ya huyu bosi naweza kuifanya nimefumba macho.

Sasa nikakaa nikawaza kidogo. Njia zilikuwa tatu. Nimwambie, afute yote, apate kazi, nami nikalale na majokofu. Au ninyamaze, yaende yote tisa, kampuni nzima ya nchi za mbali isome kwamba mimi ni kikohozi chenye masikio. Sikuzaliwa ili nikasomwe na wazungu kwa namna hiyo. Ya tatu ndiyo niliyoifuata. Mchele ukichambua unaondoa chuya, unaacha mchele. Nilipeleka kile kimshale mwisho wa mstari, nikabonyeza kifutio kama nilivyokuwa namwona yeye akifanya, nikafuta wa kwanza na alama zake, wa pili na alama zake, mpaka wa saba.  Ile miwili ya bosi sikuigusa. Nikabonyeza pa kuhifadhi. Jokofu la bluu likafunguka vizuri tu.

Aliporudi nilikuwa kwenye maharage.

"Umechoka, Mama?"

"Nimechambua sana leo," nikasema.

Akakaa, akaufungua ukurasa kwa nje, akaligusa jokofu mara moja kwa bahati njema, akautuma. Kwa ndani hakutazama. Angetazama ili iweje, na yeye aliambiwa hakuna anayeona?

Jumatano usaili ulifanyikia chumbani kwangu, maana ndipo penye mlango. Mwenyewe nilimkaribisha. Nilimwambia "make yourself at home", akashtuka kidogo, akasema asante Mama, umejua Kiingereza. Nikamwomba nibaki kitandani, kwenye pembe ambako kamera haifiki, kwa ajili ya goti. Nikaahidi kumeza kikohozi. Na nilikimeza, mtu asinisingizie.

Alivaa blauzi nyeupe. Chini alivaa kanga ya kupikia, kwa sababu kamera haioni chini. Bosi wa miwani akatokea, wakaamkiana. Mkwe wangu alizungumza vizuri. Nilielewa kama nusu. Aliulizwa habari za kazi, akajibu. Alitaniwa, akatania. Nikamwona mgongo wake unanyooka kama wa mtu anayetua mzigo.

Bosi akasema ukurasa wake ni mzuri kuliko wowote aliouona wiki ile. Hilo nililielewa lote. Kisha akasema, ngoja niangalie ndani.

Nilisikia pikipiki kituoni zikinguruma.

Halafu yule mwanamke akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama mwalimu anayesoma barua aliyoikamata darasani. Alisoma wa kuzunguka mbuyu. Akasimama. Akasoma wa kufumba macho. Akavua miwani akaipangusa, na bila miwani alikuwa na macho madogo mekundu ya mtu aliyechoka, kumbe mtu tu.

Mkwe wangu akasema samahani. Akasema ni mazoezi. Akasema samahani tena, na ile ya pili ilimtoka kwa Kiswahili.

"Never mind," bosi akasema. Akavaa miwani. "We will be in touch."

Kioo kikawa cheusi.

Hakuondoka pale. Alikaa na mikono juu ya vitufe, na midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Nilimtazama mdomo mpaka nikajua anasema nini. Alikuwa anaamkia. Anarudia ile ya mwanzo kabisa, nafurahi kukufahamu, nafurahi kukufahamu, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli lililokwisha badilishwa.

Ungetegemea niseme moyo uliniuma. Nilikuwa natazama barabara. Duka la dawa lilikuwa limepata mteja.

"Ndiyo kazi, mwanangu," nikamwambia. "Zipo nyingine."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akabonyeza kulia.

Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Nilidhani ataifunga kompyuta akapike, kama walivyofundishwa. Yeye akageuza gauni ndani, akashuka na ile mvua ya maandishi taratibu, kidole kwenye kioo. Akafika kwa bosi, akasimama. Akaendelea. Akarudi juu. Akashuka tena. Nikaona kidole kinahesabu mahali ambapo hapakuwa na kitu, moja, mbili, mpaka saba.

Hakugeuka. Alisema tu, "Mama, unataka chai?"

"Nikipata," nikasema.

Akaniletea. Ilikuwa na sukari kama nipendavyo, na ndiyo iliyonitisha.

Kwa mumewe alisema usaili haukwenda vizuri, basi. Mwanangu akasema pole, akasema majokofu hayakuwa na haraka ya kwenda popote, akacheka peke yake.

Alhamisi Mwalimu Tai akaja kusikia habari. Msusi alikuwepo, na mwanangu pia, alikuwa amerudi kuchukua bisibisi. Mkwe wangu akaeleza jinsi bosi alivyosoma, wala hakulia.

"Lakini si nilimwagiza Mama?" mwalimu akasema. "Mama, si nilikuagiza afute?"

Wakanigeukia wote. Maharage siku hiyo hayakuwa na kijiwe hata kimoja.

"Nilisahau," nikasema. "Uzee."

"Uzee," mkwe wangu akasema, "umefuta mistari saba ukaacha miwili."

"Mistari gani?" mwanangu akauliza.

"Iliyomtaja yeye."

Msusi akaanza kucheka, akajiziba mdomo. Mwalimu Tai akaishika tai yake. Mwanangu alinitazama kama anavyotazama jokofu ambalo mwenye nalo ameapa limeharibika juzi tu.

"Mama, ni kweli?"

"Uliniambia kumetulia kule nyuma," nikamjibu. "Nilikwenda nikasikiliza. Kumetulia mno."

"Leo leo nayatoa yale majokofu, na kitanda chako..."

"Hapana," mkwe wangu akamkata. "Mama abaki na chumba chake." Alisema kwa upole kabisa, mkono ameuweka begani kwangu, na ule mkono ulikuwa mzito. "Sisi tutaazima tu. Darasa lihamie chumbani kwake, kuna mwanga. Na Mama aingie darasani. Mwalimu, mtu kufuta mistari saba na ukurasa usiharibike, mimi ulinichukua muda gani?"

"Miezi miwili," mwalimu akasema.

"Unaona. Ana kipaji. Tusimwache na maharage." Akaniinamia. "No hard feelings, Mama."

Ndivyo ilivyokuwa. Dirisha ninalo. Limewekewa meza mbele, juu ya meza kompyuta, na nikilala ubavu wa kushoto naona mgongo wa Mwalimu Tai. Duka la dawa silioni. Nimesikia msaidizi wa pale ameolewa, na sijui na nani.

Somo langu la kwanza mkwe wangu alilitayarisha mwenyewe. Aliandika upya ile mistari saba, alikuwa anaijua kwa kichwa, kwa herufi kubwa za kizee. Kazi yangu ilikuwa kusimama na kuisoma kwa sauti, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili, mbele ya mwalimu, msusi na mwanangu, ambaye siku hiyo aliombwa akae. Nikakosea kutamka. "Tena, Mama," mkwe wangu akasema. Nikasoma habari za kikohozi changu. "Tena." Nikasoma habari za masikio yangu. Msusi alikuwa ameuma kitambaa. Kwenye ule wa sita, mpaka nife kwanza, nilijitia kucheka ili nionekane ninacheka nao, lakini hakuna aliyekuwa anacheka tena.

"Wa saba," mkwe wangu akasema.

"Huo una A. Kamusi yangu haina A."

"Nitakusaidia. Nifuate." Akasoma neno moja moja, nami nikafuata neno moja moja, bila kujua ninatembea kwenda wapi, mpaka mwisho. Kisha akanitafsiria kwa sauti ileile ya darasani.

Wa saba ulisema: hata hivyo, siku nilipopoteza mimba, mume wangu yuko kazini, mama mkwe wangu ndiye aliyenishika mkono hospitali tangu asubuhi hadi jioni. Hakusema neno hata moja. Kwa mtu kama yeye hiyo ni kazi ngumu sana.

Ni kweli, nilimshika. Mkono wake siku ile ulikuwa baridi, nami nilikuwa na maneno kumi ya kusema nikayameza yote kumi.

"Tena, Mama," akasema. "Sasa bila kunifuata."

Nikasoma. Nilijikwaa kwenye neno la hospitali, ambalo si gumu. "Tena," akasema. Nilisoma mara tano. Mwanangu alitoka nje baada ya ile ya pili. Mwalimu Tai alikuwa anatazama viatu vyake. Mkwe wangu alikuwa ananitazama mimi, mdomoni, kusudi nisikosee.

Sasa hivi nimefika mahali pa kuweka picha. Juu ya kila mstari naandika komenti yangu, mkwe wangu yumo, naye kila jioni anageuza ndani anasoma, ananisahihisha, hasemi kitu. Lakini kuna jambo linanisumbua. Ule wa saba mimi niliufuta bila kuusoma. Sijui kama ndio huo uliokuwepo. Huenda aliandika tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyeutupa. Huenda aliutunga Jumatano ile, wakati chai yangu inachemka, akijua utakapofikia.

Nimemuuliza mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anafua. Mara ya pili alikuwa ananikanda goti, kwa maji yenye moto zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Never mind, Mama," akasema, akakamua kitambaa.